Dunia ya saruji uwani: shajara ya mradi

Mbukwenyi wadau. Mkuu wa shule kaniambia kila nnachofanya kwenye huu mradi nikiandike, pesa imeingia kiasi gani imetoka kiasi gani, sasa mi nikianza kuandika siwezi kuishia kwenye pesa, kwaiyo daftari la pesa liko ofisini na haya mengine nayaweka hapa.

16 Agosti, Jumamosi

Tumepima eneo, ni ile sehemu tupu kati ya maktaba na mwarobaini mkubwa. Linajengwa tufe la dunia la saruji, skeli moja kwa milioni kumi. Kipenyo cha dunia ni kilomita 12,742 kwa wastani, kwetu inakuja sentimita 127 na kitu, yaani likisimama linamfika mtoto wa fomu wani kifuani. Nimeipenda hii skeli maana hesabu haiumizi kichwa, kilomita 10 ni milimita moja, kilomita 100 ni sentimita moja, basi. Fundi wetu wa lipu, mzee wa hapahapa mtaani, kaishika ndani ya dakika mbili na naona huko mbele ataitumia kunibana.

Vifaa: bomba la inchi mbili, nondo nyembamba za kukunja duara, wavu wa kuku, waya wa kufungia, saruji mifuko mitano kwa kuanzia, mchanga tripu ndogo. Mchanga umekuja mchafu, una mizizi na vipande vya chupa, tumechekecha mpaka saa kumi jioni na upepo wa hapa Dodoma mnaujua, nusu ya mchanga imehamia machoni mwetu.

23 Agosti

Leo tumegombana na fundi kuhusu namna dunia inavyokaa.

Yeye kaziona zile globu za dukani na ofisini, zimeinama pembeni digrii 23 na nusu, kwaiyo akataka bomba lisimame limeinama vilevile. Mi nikamwambia hapana mzee, letu linalala. Bomba liwe karibu mlalo kabisa, lielekee kaskazini na kusini, upande wa kusini unyanyuke digrii 6 na kidogo, kwa sababu Dodoma tuko latitudo ya digrii 6 na dakika 10 hivi kusini mwa Ikweta. Ukilaza hivyo, bomba letu linakuwa sambamba na mhimili wa dunia wenyewe, na Dodoma inakaa juu kabisa ya tufe, utosini. Jua likilipiga linalipiga vilevile linavyoipiga dunia nzima muda huohuo, kwenye mwanga ni mchana na kwenye giza ni usiku, huhitaji betri wala programu.

Fundi kaangalia, kakuna kichwa. "Mwalimu, sasa dunia si itakuwa imelala kama mgonjwa?"

Nikamuuliza, ile globu ya ofisini imeinama kuelekea wapi? Akasema kuelekea dirishani. Kesho yake mhudumu akifagia akaigeuza, inaelekea kabatini, dunia nayo imegeuka? Akacheka. Huo mwinamo wa dukani ni kweli upo, mhimili umeinama digrii 23.4 kutoka kwenye wima wa njia ya dunia kulizunguka jua, ila sakafu ya ofisi siyo hiyo njia. Watu wanaikariri namba bila kuuliza imepimwa kutoka wapi.

Kutafuta kaskazini tumetumia fimbo ya mita moja. Tumeisimamisha kwa timazi, tukachora duara kuizunguka, asubuhi tukaweka alama ncha ya kivuli ilipogusa duara na mchana ilipogusa tena, mstari unaounganisha hizo alama mbili ndo mashariki magharibi. Sasa hapo dogo mmoja wa fomu tuu akasema ticha si tungesubiri tu saa sita jua likiwa utosini. Nikamwambia haya subiri. Kivuli kilikuwa kifupi kabisa saa 6 na dakika 40, siyo saa 6 kamili, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya 45 ambayo iko mbali huko mashariki, hata Tanzania haiigusi. Na hakikuisha. Kilibaki sentimita 32 na kikaelekea KUSINI. Darasa zima kimya. Walikuwa wanaamini kwamba nchi za joto jua linakaa utosini kila siku adhuhuri.

"Sasa ticha, utosini ni lini?"

Nikampa kazi akatafute mwenyewe. Jioni kaja na majibu: mara mbili tu kwa mwaka, tarehe 4 au 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Machi hapa ni mawingu na mvua. Basi tumepata dedilaini, tufe liwe limekamilika tarehe 9 Oktoba, saa sita ya mchana.

30 Agosti

Nguzo mbili za tofali zimepanda, bomba limekaa. Ule mpira mwembamba wa kuonesha wenye maji ndani umetusaidia kupima, bomba la mita mbili ncha ya kusini iko juu ya ya kaskazini kwa sentimita 21 na nusu. Mafundi wa kuchomelea walichelewa siku tatu na simu hawapokei, nisiseme sana.

6 Septemba

Lipu imeanza. Tumekata nusu duara kwenye plaiwudi, tumeifunga kwenye bomba, unaizungusha inakwangua saruji iliyozidi, tufe linatoka lenyewe. Fundi alivyoona inavyofanya kazi akaacha kunicheka kabisa.

Tatizo limetokea nilivyokuwa kwenye kikao. Madogo wamechukua saruji iliyobaki wakajenga milima. Narudi nakuta Kilimanjaro kama andazi, imesimama sentimita tano nzima, wameipaka na chokaa juu kuwa ndo theluji, wanapiga picha. Na Himalaya imekaa kama mgongo wa mamba.

Nikawakalisha chini. Sentimita 5 kwetu ni kilomita ngapi? 500. Kituo cha anga cha kimataifa kinapita kilomita 400 hivi juu, yaani sentimita 4. Kwaiyo mlima wenu unawagonga wanaanga. Kibo ya kweli ni mita 5,895, hapa ni milimita 0.6. Everest mita 8,849, haifiki milimita moja. Ule mfereji wa Mariana, sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini, karibu mita 10,900, ni mkwaruzo wa milimita moja na ushee. Na Dodoma na vilima vyake, kuzidi usawa wa bahari mita 1,100 na kitu, ni unene wa karatasi moja ya daftari.

Fundi ndo kachukua tindo na nyundo kuvunja Kilimanjaro, na kwa kweli nilimuonea huruma yule binti aliyeijenga maana alikuwa kaiweka mpaka Mawenzi pembeni. Binti kauliza swali zuri lakini: "Sasa mwalimu milima yote tusioneshe?" Nikamwambia ile michirizi ya mwiko wa fundi inatosha, inazidi milima yote ya dunia.

Ila kuna kitu kimoja tumekionesha kwa makusudi. Dunia siyo mviringo kamili, imetuna kiunoni, kipenyo cha Ikweta kinazidi cha kwenye ncha kwa kilomita kama 43. Hiyo ni milimita nne, inapimika! Kwenye plaiwudi tukakwangua milimita mbili pale katikati ili saruji ibaki nene upande wa Ikweta. Na hapo ndo nikawapa habari ambayo imetembea shule nzima: ukipima mlima kuanzia katikati ya dunia badala ya usawa wa bahari, Everest iko kilomita kama 6,382, Kibo yetu iko karibu 6,384. Tunaipita, kwa sababu sisi tuko karibu na Ikweta pale palipotuna. Wa kwanza kwa kipimo hicho ni Chimborazo wa Ekwado, anatuzidi kwa nusu kilomita hivi. Na ukipima kuanzia kitako mpaka kichwani bingwa ni Mauna Kea wa Hawaii, zaidi ya mita 10,000 ila mwingi umezama baharini. Kwaiyo mtu akikuuliza mlima mrefu kuliko yote ni upi, muulize kwanza unapima kutoka wapi.

Yule binti akasema basi rudisheni Kilimanjaro yangu. Hapana.

13 Septemba

Lipu inamwagiliwa asubuhi na jioni isipasuke, wiki nzima. Maji yenyewe ya mgao.

Wakati tunasubiri, mlinzi wetu kasimulia alivyopita Nanyuki, Kenya, kuna jamaa pale kwenye mstari wa Ikweta anakuonesha maji kwenye beseni yanazunguka kulia ukisogea huku, kushoto ukisogea kule, na katikati yanashuka wima. Akalipa pesa na cheti akapewa. Tukachukua beseni letu, tukatoboa, tukajaribu mara kumi: mara sita yalizunguka huku, mara nne kule. Inategemea ulivyomimina na beseni lilivyokaa. Nguvu ya mzunguko wa dunia kwenye beseni ni ndogo mno, inaonekana kwenye vimbunga vya mamia ya kilomita, na pale kwenye Ikweta penyewe ndo inakuwa sifuri kabisa. Mlinzi kakasirika kidogo. Cheti anacho bado.

20 Septemba

Hii ya leo naiandika kwa kirefu.

Madam wa fizikia alinipa wazo. Maji yote ya dunia, bahari, barafu, maziwa, mito, ya chini ya ardhi, mpaka unyevu wa hewani, yanakadiriwa kilomita za ujazo milioni 1,386. Ukiyaleta kwenye skeli yetu yanakuja mililita 1,386. Lita moja na nusu haifiki. Nilirudia hesabu mara tatu kwa kalkuleta maana sikuamini, dunia inaonekana bluu kotekote, robo tatu karibu ni maji, 71 kwa mia, alafu unaambiwa yote ni chupa moja ya dukani, na tena uipunguze.

Nikaenda darasani na chupa ya lita moja na nusu, nikamwaga nusu glasi nje ya dirisha, nikasema hii iliyobaki ni maji yote ya ulimwengu. Wakabisha. Tukafanya hesabu ubaoni wakaishiwa.

Alafu nikawauliza, humu ya kunywa ni kiasi gani? Matamu ambayo siyo barafu, pamoja na yaliyo chini ya ardhi, ni vijiko viwili vya chai. Karibu yote hayo yako chini ya miguu yetu, kama haya tunayokunywa mjini yanayovutwa visimani Makutupora. Na maziwa yote na mito yote unayoiona kwenye ramani, Baikal, Victoria, Nile, Amazon, Rufiji, vyote kwa pamoja? Nikachovya mrija kwenye chupa nikadondosha kwenye kiganja cha dogo wa mbele. Matone mawili.

Darasa la Dodoma linaelewa maana ya matone mawili, hakuna aliyecheka.

Hapo ndo likaja la Victoria na Tanganyika. Wote wanajua Victoria ndo ziwa kubwa Afrika, na kwa eneo ni kweli, linaizidi Tanganyika mara mbili. Lakini Victoria ni sahani, kina chake kirefu ni mita 80 hivi. Tanganyika ni mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, kwaiyo maji ya Victoria ni kama moja ya saba tu ya yale ya Tanganyika. Na uso wa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, toa hiyo kwenye kina, chini kabisa pale ziwani uko mita 700 CHINI ya usawa wa bahari, na hapo uko bara, kilomita kama elfu moja kutoka Dar. Ni bonde la ufa hilo limekatika. Nikawauliza nani kapanda basi au treni ya kwenda Manyoni, mikono ikanyooka, nikawaambia ile escapimenti mnayoipanda mkishaiacha Bahi nyuma ni ukuta wa bonde la ufa, tawi la mashariki. Wengi walidhani bonde la ufa ni kitu cha Ngorongoro na watalii.

Baadae tukatoka nje, kila mtu anataka kuona maji yanavyolifunika tufe. Hesabu inasema ukiyatandaza kwenye eneo la bahari yanakuja unene wa milimita 0.4. Mi kwa kujiamini nikamimina chupa nzima pole pole kuanzia juu, Dodoma.

Saruji haijapakwa rangi. Imenyonya yote. Yaani ndani ya dakika moja hakuna kitu, alama tu ya unyevu mpaka Afrika Kusini.

Fundi kasimama na karai lake kichwani: "Mwalimu, dunia yako imekunywa bahari zote."

27 Septemba

Rangi. Hapa napita haraka maana sipendi kukumbuka. Tuligawana mabara, kila kundi likachora bara lake kwenye karatasi kutoka ramani ya ukutani alafu likate libandike kwenye tufe kama kiolezo. Afrika ikaingia. Kundi la Greenland likaja na kipande kikubwa kama Afrika, hakuna pa kukiweka, kimefunika mpaka ncha na kinashuka upande wa pili hadi Siberia.

Ramani ya ukutani ni ile mtindo wa Mercator, ya mwaka 1569, ilichorwa kwa ajili ya mabaharia, inatunza uelekeo wa dira ila inavuta vitu kadri unavyosogea nchani. Greenland ni kilomita za mraba milioni 2.2 hivi, Afrika ni milioni 30. Kwetu Greenland ni kama kiganja cha mtu mzima na vidole vyake, Afrika unaikumbatia. Tanzania nzima kwa eneo ni kama simu yangu tu. Tumeanza upya, safari hii kwa mistari ya latitudo na longitudo, kona kwa kona.

Kundi la Antaktika likauliza wapake rangi gani. Nikasema nyeupe, ila muandike JANGWA. Balaa likaanza. Jangwa linapimwa kwa unyevu siyo kwa joto, na ndani kabisa ya lile bara inadondoka theluji ambayo ukiiyeyusha haifiki milimita 100 kwa mwaka. Kwa eneo, milioni 14 hivi, linaipita Sahara yenye milioni 9. Kipimo cha kawaida cha jangwa ni chini ya milimita 250 kwa mwaka. Dodoma tunapata kama 570, kwaiyo sisi ni nusu kame, na nyie ndugu zetu wa Dar mnaokuja mnasema mmefika jangwani, mkome.

4 Oktoba

Rangi imekauka. Fundi kauliza, chini ya lipu ni uvungu, na dunia ya kweli chini ya ardhi si ni uji wa moto? Karibu walimu wote waliokuwepo wakasema ndio, lava. Hapana. Ganda la mabara ni kilomita 30 au 40, milimita tatu nne, kama tabaka la mwisho la lipu yake. Chini ya hapo mpaka kilomita 2,900 ni mwamba, wa moto sana ila mgumu, unatambaa sentimita chache kwa mwaka. Kuna mawimbi ya tetemeko ambayo hayawezi kupita kwenye kimiminika na humo yanapita vizuri, yanakuja kukwama kwenye kiini cha nje, kile ndo chuma kilichoyeyuka. Kwaiyo matetemeko, kama haya yanayotikisa vyombo vyetu kutoka huko vilima vya Chenene, ndo yametuambia yaliyomo ndani. Shimo lenye kina kirefu kuliko yote ambalo binadamu amewahi kuchimba, Kola huko Urusi, ni kilomita 12.2. Nimemuonesha kwa kucha, milimita moja na kitu. Kasema, "Hata rangi hamjaimaliza."

Alafu kuna hili la baridi. Niliuliza fomu foo kwa nini Juni na Julai hapa tunavaa masweta, karibu wote wakasema dunia inakuwa mbali na jua. Kinachonikera ni kwamba kweli mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali, kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari iko karibu, milioni 147. Kwa mtu wa Dodoma lile jibu la uongo linafanana kabisa na ukweli! Ila Julai hiyohiyo Ulaya wanaungua. Sikubishana nao, nimewaambia njooni Alhamisi.

9 Oktoba, Alhamisi

Saa 6 kasoro robo wingu likatanda, moja tu, likasimama pale pale. Madogo wakaanza kulifukuza kwa madaftari. Saa 6 na dakika 10 likaondoka.

Tulikuwa tumegandisha vijiti vya kiberiti kwa gundi, kimoja Dodoma, kimoja Cairo, kimoja Cape Town, Mumbai, Lagos, na kadhalika. Dakika ya 20 kivuli cha Dodoma ni kama punje ya ulezi. Dakika ya 24 hakuna. Kijiti kimesimama kwenye rangi ya kijani bila kivuli, na fimbo ya mita moja pale pembeni nayo haina. Cairo kivuli kimelala kuelekea kaskazini, Cape Town kuelekea kusini magharibi, Lagos kuelekea magharibi, na Mumbai kinaenda mashariki na kaskazini. Ncha ya kusini imeguswa na mwanga, ya kaskazini iko kivulini. Nikasema haya, tuko tufe lilelile, jua lilelile, umbali uleule, niambieni kwa nini huku kuna mwanga mwingi na kule hakuna. Siyo umbali, ni mwinamo, na lile la masweta jibu lake ni hilohilo. Yule dogo wa fomu tuu akainama akaangalia chini ya tufe, akasema Tokyo ni giza. Madam akafungua simu kuangalia saa ya Tokyo: 12 na dakika 24 jioni, jua limeshazama. New York nayo giza, bado hawajaamka.

Fundi alikuja na nguo safi leo. Kazunguka mara mbili bila kusema kitu, kafika upande wa Pasifiki kainama kapapasa. Pale kuna kasoro, lipu imevimba milimita sita, najua na yeye anajua.

"Mwalimu, hapa bahari ina mlima wa kilomita sitini."

Nikamwambia auache, mzee.

Imebaki vanishi koti mbili kabla mvua haijaanza, na mwezi, beseni la sentimita 35 ambalo kwa skeli yetu linatakiwa likae mita 38 kutoka hapa, yaani getini kwa mlinzi. Mlinzi kakubali, kwa sharti kwamba tusimguse cheti chake.